Kosa Dogo ni Dogo kwa Nani?

Kuna utani unaozunguka kwenye hosteli za vijana wanaosoma kompyuta, na kila mwaka wa kwanza wanaoingia wanaurithi. Mtu akisema amechangia kwenye mradi mkubwa wa programu huria, swali la kwanza analoulizwa ni hili: "Umeandika msimbo, au umerekebisha herufi?" Akijibu kwamba alisahihisha sentensi moja kwenye nyaraka, chumba kizima kinaangua kicheko. Wanamwambia ni sawa na kusema umeichezea Simba kwa sababu siku moja uliokota mpira uliotoka nje ya uwanja.

Utani wenyewe ni mtamu, na mimi sina ugomvi na kucheka. Ugomvi wangu ni na imani iliyojificha chini yake: kwamba kosa la sarufi kwenye maelezo ya programu ni kitu kidogo, na anayelirekebisha ni mtu wa kutafuta sifa za bure. Nasema hiyo ni imani ya anayeandika, haijawahi kuwa ya anayesoma. Kosa ni dogo kwa aliyelifanya. Kwa anayelikuta saa 8 usiku, bando linaelekea kuisha na kesho asubuhi anawasilisha kazi, linaweza kumkalisha macho mpaka alfajiri.

Na jamani, kwenye ulimwengu wa programu sisi wa vyuo vya huku ni wasomaji kwanza. Tunasoma maelezo yaliyoandikwa na watu wa mbali, kwa lugha ambayo wengi wetu ni ya tatu. Kwa hiyo hili suala linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Anayelipa ni msomaji

Chukua mfano rahisi. Tuseme nyaraka za maktaba fulani ya programu zinasema fanksheni "does now close the file", yaani siku hizi inalifunga faili yenyewe. Mwandishi alikusudia "does not", kwamba hailifungi, ulifunge wewe. Tofauti ni herufi moja. Sentensi zote mbili ni Kiingereza safi, kwa hiyo hakuna kikagua tahajia kitakachopiga mstari mwekundu hapo. Wewe unaamini ulichosoma, unaacha mafaili wazi, programu inaanza kuzimika ikishafanya kazi saa kadhaa. Unatafuta kosa kwenye msimbo wako siku 2, na msimbo wako umefuata maelezo neno kwa neno.

Hapo maana imegeuka. Kuna makosa mengine ambayo hayageuzi maana lakini yanakata mwendo: kitenzi hakipatani na kiima, nukta imewekwa katikati ya wazo, "its" imekaa mahali pa "it's". Mtu aliyezaliwa ndani ya Kiingereza anayapita kama basi la mikoani linavyopita juu ya tuta dogo. Sisi ni bodaboda. Kila tuta tunalihisi mgongoni. Wengi tulianza na Kisukuma, Kihaya au Kimakonde nyumbani, tukasoma kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza tukakabidhiwa Kiingereza kikiwa tayari ndiyo lugha ya mtihani. Tukikutana na sentensi isiyoeleweka, hatuna uhakika kama aliyeteleza ni mwandishi au ni sisi. Na mara nyingi tunaamua ni sisi. Mwandishi anakosea, msomaji ndiye anayejiona mjinga. Hiyo ndiyo hasara ambayo wanaocheka hosteli hawaipigii hesabu.

Kuna hasara ya tatu, nayo ni ya kiufundi kabisa. Neno lililokosewa tahajia halitafutiki. Aliyeandika "recieve" kwenye maelezo ya ndani ya msimbo amelificha neno hilo kwa kila atakayetafuta "receive". Watu wa Linux wanalijua hili vizuri. Kwa miaka mingi mradi huo ulikuwa na anwani maalumu ya kupokea viraka vidogo vidogo, na kwenye orodha ya vilivyokuwa vinakaribishwa yalitajwa makosa ya tahajia kwenye nyaraka, pamoja na makosa ya tahajia yanayomvurugia mtu anayetafuta neno kwa amri ya grep. Ndani ya msimbo wa Linux wenyewe kuna faili linaloitwa spelling.txt, orodha ndefu ya makosa yaliyozoeleka na usahihi wake. Programu ya kukagua viraka inalisoma faili hilo na kumwonya mtu kabla hajatuma kazi yake.

Na mambo haya hayajaachiwa wadogo tu. Oktoba 2024 Linus Torvalds mwenyewe aliwaomba wasimamizi wanaomletea kazi waache kujaza kauli ya kutendwa kwenye ujumbe wa kuunganisha mabadiliko. Kwa maneno mengine, acheni kusema "hitilafu ilirekebishwa", semeni kiraka hiki kinafanya nini. Huyo ni mtu anayesimamia mfumo endeshi unaobeba sehemu kubwa ya seva za dunia, na alitenga muda wa kuongelea kauli ya kitenzi.

Mwingine ni Donald Knuth wa Stanford, ambaye kitabu chake cha kwanza katika mfululizo wa The Art of Computer Programming kilitoka 1968. Knuth ana utaratibu wa kumlipa dola 2.56 mtu wa kwanza kugundua kosa lolote katika vitabu vyake, liwe la hesabu, la historia au la uchapaji. Kwa nini 2.56? Kwa sababu senti 256, ukiziandika kwa hesabu ya kizio cha 16, zinasomeka 100, basi anaiita dola moja ya kizio cha 16. Watu waliopata hundi hizo wengi hawakwenda nazo benki, walizitia kwenye fremu. Mwaka 2008 aliacha kutoa hundi za kawaida kwa kuhofia wizi wa akaunti, akaanza kutoa vyeti vya benki ya kubuni. Watu wanaendelea kuvitafuta. Mtu aliyeandika baadhi ya nondo nzito kuliko zote katika fani hii anaona herufi iliyokosewa inastahili malipo na jina la aliyeiona. Halafu sisi wa mwaka wa 2, ambao hata kazi ya darasani tunaituma dakika 5 kabla ya muda kufungwa, ndio tunaona ni jambo la kuchekesha.

Kosa lililozeeka

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye programu hali huwa mbaya zaidi: ukuta unajengwa juu ya ufa, na baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuugusa.

Ushahidi unao kwenye simu yako sasa hivi. Kila unapobofya kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, kivinjari chako kinaweza kuiambia seva umetokea wapi. Taarifa hiyo inasafiri chini ya jina "Referer". Kwa Kiingereza sahihi ni "referrer", r mbili katikati. Phillip Hallam-Baker alipopendekeza sehemu hiyo miaka ya 1990, neno liliingia likiwa limekosewa, na mwaka 1996 likachapishwa hivyohivyo kwenye waraka rasmi wa HTTP, RFC 1945. Roy Fielding, mmoja wa waandishi wa waraka huo, alieleza baadaye kwamba kikagua tahajia cha Unix cha wakati ule hakikuwa kinalijua hata lile neno sahihi, kwa hiyo mashine isingewasaidia. Walipokuja kushtuka, programu nyingi tayari zilikuwa zinalitumia. Kulirekebisha kungezifanya seva na vivinjari visielewane.

Kichekesho hakikuishia hapo. Baadaye ilipotungwa kanuni ya kuamua taarifa hiyo itolewe kiasi gani, wakaiita "Referrer-Policy", kwa tahajia sahihi. Matokeo yake, anayetengeneza tovuti leo lazima akariri kwamba hapa katikati ni r moja, pale ni r mbili. Akichanganya, kitu hakifanyi kazi, na hakuna atakayemwambia kwa nini.

Mfano mwingine una umri mkubwa zaidi. Kwenye Unix amri ya mfumo ya kutengeneza faili jipya inaitwa "creat", bila e mwishoni. Ken Thompson, mmoja wa waanzilishi wa Unix, alipoulizwa angebadilisha nini kama angeijenga upya, jibu lake lilikuwa kwamba angeiandika ikiwa na e. Alisema kwa utani, lakini herufi hiyo imekosekana zaidi ya miaka 50 na itaendelea kukosekana.

Ninachokiona kwenye visa hivi ni suala la muda. Kuna dirisha fupi ambapo kosa dogo linarekebishika kwa sekunde 10 na halimuumizi mtu. Likishapita, kosa linakuwa sheria. Anayelikamata ndani ya dirisha hilo ni msomaji wa mwanzo aliyesoma kweli, neno kwa neno, na akathubutu kusema. Hatujui ni nani angeweza kuliona "Referer" mapema. Tunajua kwamba angeliona na kulisema, leo tungekuwa na tatizo moja pungufu, na huenda rafiki zake wangemcheka vilevile.

Si kila ufa ni wako

Baada ya kusema yote hayo, sitaki mtu aifunge makala hii na kukimbilia GitHub kuparamia kila kitu. Kazi hii ina adabu zake, na wanaoikosea adabu ndio waliowapa wacheshi wa hosteli malighafi.

Kanuni ya kwanza ninayoishika ni hii: kinachosomwa na binadamu, sahihisha, kinachosomwa na mashine, uliza kwanza. Sentensi kwenye nyaraka, ujumbe wa kosa unaotokea kwenye skrini, maelezo ya pembeni ndani ya msimbo, hivyo ni vya binadamu. Majina ya fanksheni, ya safu za hifadhidata, ya mipangilio, hayo kuna programu nyingine zinayategemea. Ukikuta fanksheni imeandikwa "calender" badala ya "calendar" na ukaibadilisha kwa nia njema, unaweza kuzivunja programu za watu usiowajua. Ndiyo maana "creat" bado ipo. Hata ujumbe wa skrini uuangalie vizuri, maana wakati mwingine kuna programu inayousoma na kuamua cha kufanya.

Kanuni ya pili: usichanganye. Kiraka cha sarufi kiwe cha sarufi tu. Ukiweka mabadiliko ya tahajia 40 pamoja na badiliko moja la utendaji, atakayekagua atachoka kwenye herufi na kulipitisha badiliko kubwa bila kuliangalia. Na miradi inatofautiana, kwa hiyo soma mwongozo wake kabla hujatuma. Ruby on Rails, kwa mfano, wanasema wazi kwamba mabadiliko ya urembo tu kwenye msimbo kwa kawaida hawayapokei, lakini usahihishaji wa nyaraka wanaukaribisha.

Kanuni ya tatu inahusu nia. Tangu 2014 kampuni ya DigitalOcean imekuwa ikiandaa Hacktoberfest, mwezi wa Oktoba wa kuhamasisha watu kuchangia programu huria. Kwa miaka kadhaa, aliyetuma maombi 4 ya mabadiliko alipata fulana. Mwaka 2020 ikageuka balaa. Miradi ilifurikwa na maombi yasiyo na maana: mtu anaongeza neno la kusifia kwenye kichwa cha nyaraka, anahamisha nafasi, anabadilisha sentensi nzima kuwa mbovu kuliko ilivyokuwa, ilimradi ahesabiwe. Wasimamizi wa miradi, ambao wengi wanafanya kazi hiyo bila malipo, wakawa wanashinda wakifunga takataka. Siku chache tu baada ya mwezi kuanza, waandaaji walilazimika kubadili kanuni ili mradi uhesabiwe tu kama mwenye nao amejiandikisha kwa hiari.

Wale hawakuwa wanasahihisha sarufi. Walikuwa wanaokota fulana. Lakini kwa mbali kazi hizi mbili zinafanana, na huo ndio mzigo tunaoubeba sisi tunaoingia sasa: msimamizi akiona kiraka cha herufi 2 kutoka kwa mtu asiyemjua, ana sababu ya kukunja uso. Dawa yake ni kuonyesha kwamba ulisoma. Andika ulikuwa unatafuta nini, sentensi ilikuchanganya vipi, na kwa nini pendekezo lako linaondoa mkanganyiko. Mistari 2 inatosha. Ombi linalosema "nilidhani faili linafungwa lenyewe, nikapoteza siku 2" lina uzito ambao "rekebisho la tahajia" halina.

Na kuna sababu nyingine ya wasimamizi kuwa wakali. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Alipofuatilia, alikuta mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana data inayokuja na mifumo mingi ya Linux. Aliyeupandikiza, aliyejiita Jia Tan, alikuwa amejenga imani kwa zaidi ya miaka 2 kwa viraka vya kawaida. Cha mwanzo kabisa kutuma kwenye mradi huo kilikuwa faili dogo la mipangilio ya kihariri. Kwa hiyo ndiyo, kiraka kidogo kinaweza kuwa ngazi ya mwizi.

Lakini usikisomee kisa hicho upande mmoja. Mwenye mradi, Lasse Collin, alipoanza kusafisha nyumba yake alikuta kitu kingine: nukta. Nukta moja, imekaa peke yake kwenye mstari, ndani ya jaribio la kuangalia kama kompyuta ina ulinzi uitwao Landlock. Nukta hiyo iliufanya msimbo wa jaribio usiwe halali, jaribio likawa linashindwa kila mara, na ulinzi ukawa hauwashwi kamwe. Mtu akiipita haraka angesema kidole kimeteleza. Wanaotuambia kwamba nukta ni jambo la kupuuza, waambie habari ya nukta hiyo.

"Lakini Kiingereza changu chenyewe..."

Hoja ninayoisikia sana kutoka kwa wenzangu siyo ya dharau, ni ya woga. "Mimi nani nimsahihishe Mzungu Kiingereza chake?" Kwanza, miradi hii imejaa Wajerumani, Wachina, Wabrazili na Wahindi, na wengi wao wanaandika kwa lugha ya kujifunza kama wewe. Pili, ule mwendo wetu wa bodaboda una faida. Anayesoma polepole ndiye anayeona shimo. Aliyezaliwa na lugha, ubongo wake unajaza pengo bila yeye kujua. Wewe pengo linakusimamisha, kwa hiyo unajua lilipo. Tatu, sarufi yao tuliikariri kwa kiboko, tukaichambua sentensi kwa sentensi ubaoni. Tuitumie basi.

Ninachoomba ni kwamba tusiige tabia ya makundi yetu ya WhatsApp. Mwenzetu akikosea neno kwenye uwasilishaji, kesho yake sauti yake imeshageuzwa stika. Huko ni kumsahihisha mtu hadharani ili adogoke, na tumeona matokeo: semina zenye watu 60 na maswali 2, kwa sababu waliobaki wanaogopa kufungua mdomo. Usahihishaji mzuri wa nyaraka unafanya kinyume chake. Unaonyesha mstari wa zamani na mstari mpya, ubavu kwa ubavu, na aliyekosea hatajwi. Anayefuata anakuta maandishi yaliyonyooka na hajui kulikuwa na kosa. Ndivyo ninavyotaka nisahihishwe hata mimi.

Kuna atakayeniambia akili mnemba imeshamaliza kazi hii. Haijaimaliza. Vyombo vya kukamata tahajia, kama codespell, vinajua orodha ya makosa yaliyozoeleka. "Now" iliyokaa mahali pa "not" vinaipita tu. Akili mnemba nayo itakunyooshea sentensi ikawa fasaha, ila haijui kama fanksheni kweli inafunga faili. Itaulainisha uongo mpaka uteleze vizuri zaidi. Anayejua ni yule aliyejaribu, kikamkatalia, akarudi kusoma tena.

Kiswahili nacho je?

Hapa ndipo ninapotaka tufike. Kiingereza kina wasahihishaji dunia nzima. Programu zenye maandishi ya Kiswahili, nani anazisoma?

Tafsiri za Kiswahili zipo, na si za jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Leo simu nyingi unaweza kuzigeuza zikawa za Kiswahili. Lakini jiulize wangapi darasani kwenu wamefanya hivyo, na waliofanya walidumu siku ngapi. Wengi wanarudi kwenye Kiingereza na kusema "Kiswahili hakiendani na teknolojia". Nasema Kiswahili hakina neno. Kinachowakimbiza ni makosa madogo yasiyo na mtu wa kuyasahihisha.

Angalia lilivyo tatizo. Mtengeneza programu wa Kiingereza anaandika fomyula moja: idadi, jina la kitu, kisha neno la kusema kimefutwa. Kwa Kiingereza inafanya kazi kwa kila kitu, na wingi unamalizwa kwa kubandika s mkiani. Kiswahili kinabadilika kichwani, kinaweka idadi nyuma ya nomino, na kitenzi lazima kifuate ngeli. Kitabu 1 kimefutwa, vitabu 3 vimefutwa. Picha 1 imefutwa, picha 3 zimefutwa. Faili 1 limefutwa, mafaili 3 yamefutwa. Fomyula ya Kiingereza ikimwagiwa maneno yetu inatoa "3 kitabu imefutwa", na mtu anayejiheshimu anafunga.

Chombo maarufu cha kutafsiri programu, gettext, kinaiuliza kila lugha ina maumbo mangapi ya wingi. Kwa Kiswahili jibu ni 2, na ni jibu sahihi, ila halitoshi, kwa sababu hakuna mahali kinapouliza habari ya ngeli. Mtafsiri mwenyewe mara nyingi anapewa orodha ya maneno bila kuona skrini. Akikuta "open" peke yake, aandike "fungua" au "iko wazi"? Anabahatisha.

Haya yote yanarekebishika, na mengine hayahitaji hata kugusa msimbo. Badala ya "kitu fulani imefutwa", andika "Umefuta:" kisha jina na idadi. Kitenzi kinafuata mtumiaji, ngeli haiingii kabisa. Au omba mwenye mradi aandike sentensi kamili kwa kila aina ya kitu badala ya kuiunga vipande vipande. Hilo la pili ni kosa la muundo, na mzungumzaji wa Kiingereza hawezi kuliona hata akeshe, kwa sababu kwake halionekani. Linahitaji mtu anayeumizwa nalo.

Mtu huyo yuko hapa chuoni, tena yuko nusu mbili. Wanaosoma Kiswahili wanazijua ngeli na kubishana kuhusu "faili limefutwa" au "faili imefutwa" mpaka chai inapoa. Wanaosoma kompyuta wanajua Git na wanajua kiraka kinatumwaje. Makundi haya mawili yanakutana kantini kwenye foleni ya wali maharage, basi. Serikali ya wanafunzi ikitupa chumba kimoja chenye intaneti Jumamosi moja kwa mwezi, tunaweza kuwakalisha pamoja, wawili wawili, meza moja: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anatuma. Tuanze na programu huria ambazo sisi wenyewe tunazitumia, na tuanze na sentensi 20 tu kwa siku.

Na kabla ya hapo, kuna hatua isiyohitaji chumba wala kibali. Miradi ya mwaka wa mwisho inakaribia kukusanywa. Kila mmoja ampe maelezo ya mradi wake mtu wa kitivo kingine ayasome mwanzo hadi mwisho, na kila anaposimama apigie mstari. Usimweleze ulikuwa unamaanisha nini. Rekebisha maandishi mpaka asisimame. Ukishaona mistari aliyopiga, ndipo utajua kosa dogo ni dogo kwa nani.